Huyu Hajalima

Msimu wa pamba ukifunguliwa mwezi Mei, kazi yangu ni kukaa kwenye mizani. Mkulima anashusha mzigo wake kutoka kwenye baiskeli au mkokoteni wa ng'ombe, tunaupandisha, nasoma kilo kwa sauti, naye anazisoma, naandika, anafuata mwingine. Mimi ni karani wa chama cha ushirika wa mazao nje kidogo ya mji wa Bariadi, mkoani Simiyu, na huu utakuwa msimu wangu wa tisa. Jioni narudi nyumbani Somanda, naoga vumbi na nyuzi za pamba, tunakula, watoto wanalala. Hapo ndipo ninapofungua kompyuta na kutengeneza muziki mpaka saa tano usiku. Sijawahi kuuza wimbo hata mmoja, na sitafuti wa kumuuzia.

Naliweka hilo mbele kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa: "Unalipwa shilingi ngapi?" Mzee akicheza bao chini ya mwembe tangu saa tisa mpaka magharibi, bao ambalo sisi Wasukuma tunaliita isolo, hakuna anayemuuliza analipwa ngapi. Mama anayefuma vitambaa vya makochi haulizwi. Ukitaja muziki, watu wanawaza redio, jukwaa na magari. Mimi nataka kueleza jambo dogo kuliko hayo, ambalo yeyote mwenye kompyuta ya mtumba, au hata simu, anaweza kulifanya chumbani mwake: kuchukua sauti, kuzipanga, kuzibadilisha, na kusikia kitu ambacho jana hakikuwapo duniani.

Nilianzia kwenye kwaya. Mwaka 2018 tulikwenda kurekodi kwa kijana mmoja mwenye studio hapa mjini, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kupunguza mwangwi. Tulipomaliza kuimba alituonyesha sauti zetu kwenye kioo cha kompyuta. Zilikuwa zimechorwa kama vilima vya kwetu upande wa Itilima, vingine vifupi, vingine virefu, na tambarare pale tulipovuta pumzi. Nikaweka kidole: hapa sauti ya pili ilichelewa kuingia. Alipopiga kipande kile, kweli ilikuwa imechelewa. Nilikuwa nimeliona kosa kabla ya kulisikia. Wenzangu walitoka nje kunywa soda, mimi nikabaki kwenye kiti kile mpaka yule kijana akaniambia, "Dada, nafunga."

Ilinichukua muda kuelewa vilima vile vimetoka wapi, na nilipoelewa nilifurahi kuliko nilivyotarajia, maana niliiona kazi yangu mwenyewe mle ndani. Ngoma ikipigwa hutikisa hewa. Hewa hutikisa utando mwembamba ndani ya maikrofoni, na mtikisiko ule hugeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kompyuta haijui kupanda na kushuka, inajua namba tu. Kwa hiyo inaupima ule umeme na kuandika namba, inaupima tena, inaandika tena. Inapima mara 44,100 kwa sekunde moja. Sikio la binadamu lenye afya husikia mitikisiko isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde, na mtikisiko huwezi kuunasa bila kuupima zaidi ya mara mbili, unapopanda na unaposhuka. Ndiyo maana namba ile ikavuka 40,000. Na kila kipimo, kwa kiwango cha sidii, huandikwa katika moja ya ngazi 65,536 za ukubwa. Basi sauti ndani ya kompyuta ni daftari la mizani, refu mno, lililoandikwa na karani asiyechoka. Ukibadilisha namba umebadilisha sauti. Ukizisoma kinyumenyume, wimbo unarudi nyuma. Ukizisoma haraka, mzee anakuwa mtoto. Ukizizidisha zote kwa mbili, sauti inapanda, na zikifika ukomo wa ngazi zinakatwa vichwa. Ule mkwaruzo unaousikia spika za mnadani zinapozidiwa ndio huo, vilima vilivyokatwa vichwa.

Kompyuta yangu niliinunua Mwanza kwa shilingi 350,000. Imetumika ofisini kwa watu huko nje, RAM yake ni gigabaiti 4, na betri yake haishiki chaji, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inazimika papo hapo. Nimeshapoteza nyimbo nzima namna hiyo. Sasa nikishabadilisha chochote nahifadhi, mkono unakwenda wenyewe. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa na wasiwasi wa uniti. Nikamfanyia hesabu: chaja ni ya wati 65, saa mbili za muziki hazifiki robo ya uniti, ni karibu sawa na birika la umeme la wati 2,000 likiwaka dakika nne. Tangu siku hiyo hakulalamika tena kuhusu uniti. Analalamika kuhusu usingizi wangu, na hapo ana haki.

Upande wa programu, anayeanza nitamwambia nilivyojifunza kwa hasara. Muuzaji mmoja alinipa bure programu maarufu iliyovunjwa kufuli, na ndani yake mlikuwa na virusi vilivyofuta picha zote za harusi ya mdogo wangu. Tangu hapo nimeshika njia iliyonyooka. Ipo LMMS, ya bure kabisa na halali, unaipakua mara moja tu, baada ya hapo haihitaji intaneti. LMMS ninayotumia hairekodi sauti kutoka maikrofoni, kwa hiyo kurekodi na kukata nafanya kwenye Audacity, nayo ya bure, iliyotolewa mwaka 2000 na watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Hizi mbili zimenitosha miaka yote hii. Prodyuza wengi wa Tanzania wanatumia FL Studio. Hiyo ilizaliwa Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin wa kampuni ya Image-Line, na ilianza kama chombo kidogo cha kupangia ngoma tu. Jina la sasa lilikuja 2003. Ukiinunua unapata matoleo yake yote yajayo bila kulipa tena, na ya majaribio inakuruhusu kufanya karibu kila kitu, ila kazi uliyoihifadhi haikubali kuifungua upya mpaka ulipe. Asiye na kompyuta, simu inatosha kuanzia. BandLab ni ya bure na inarekodi vizuri.

Moyo wa programu za kupangia biti kama LMMS na FL Studio ni mstari wa vitufe 16. Kwa anayejua isolo ni rahisi kueleza: mchezaji mmoja wa bao ana safu mbili za mashimo manane, jumla 16. Sasa zinyooshe safu hizo ziwe mstari mmoja, halafu weka kete kwenye shimo unalotaka ngoma ilie. Kompyuta inapita shimo kwa shimo, ikikuta kete inapiga, isipokuta inapita kimya, ikifika mwisho inarudi mwanzo. Mstari wa kwanza ngoma kubwa, wa pili njuga, wa tatu makofi. Ukiiambia ikimbie kwa mapigo 100 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 0.6, na kwa kuwa pigo moja limegawanywa mashimo manne, kutoka shimo hadi shimo ni sekunde 0.15, si chini wala si juu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kupata biti inayochezeka kwa dakika tano. Wangu alipata.

Nilikaa mwaka mzima na sauti zilizokuja na programu. Zilikuwa ngoma za mashine za Marekani na Japani, safi, zenye nguvu, na ndizo hizohizo ulizozisikia kwenye nyimbo za kila nchi. Baadaye nikaanza kuona kwamba ninapanga vyombo vya nyumba ya mtu mwingine. Ndipo nikaanza kurekodi vya kwetu. Gunia la pamba linapotupwa kwenye jukwaa la mizani hutoa kishindo kizito, kifupi, kisicho na mlio wa juu, kwa sababu pamba yenyewe inaumeza. Nililirekodi kwa simu, nikakata dakika ikawa nusu sekunde, nikapunguza sauti za juu kidogo, na huo ndio msingi wa biti zangu mpaka leo. Mnyororo wa mizani ukitingishwa unakaa pale ambapo wengine huweka matoazi. Mlio wa mashine za kuchambua pamba usiku, ukiupunguza kasi mara nne, unakuwa kama watu wengi wanaovuma kwa midomo iliyofungwa. Siku nilipougundua sikulala.

Kwa anayetaka kujaribu: simu nyingi zikirekodi huibana sauti na kutupa baadhi ya zile namba ili faili liwe dogo. Tafuta programu ya kurekodia inayohifadhi kwa WAV. Dakika moja ya WAV ya pande mbili inakula kama megabaiti 10, kwa hiyo safisha simu kwanza. Funga simu kwa kitambaa chepesi upande wa maikrofoni, maana upepo wa Simiyu mwezi wa saba na wa nane utakuharibia kila kitu. Na usirekodi karibu na nyumba ya mabati kama mawingu yamefunga.

Nilipokwisha kurekodi mizani na magunia, nikamkumbuka Mjomba.

Mjomba wangu anakaa vijijini Itilima, si mbali na Lagangabilili. Amevuka miaka sabini. Ujanani alikuwa mpigaji ngoma katika kundi la kulima, wale wa bugobogobo. Kwa asiyetoka kwetu: bugobogobo ni ngoma ya jembe. Kundi la vijana linaalikwa kulima shamba la mtu, wanajipanga mstari, mpigaji yuko pamoja nao shambani, na majembe yanapanda na kushuka kwa ngoma. Baadaye ikawa pia ya uwanjani, majembe yakirushwa juu na kudakwa, na mashindano yake ni makali. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, tangu karne ya 19, hushindana kwa namna ambayo sijaiona kwingine: pande zote mbili zinapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Kule Bujora, karibu na Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement kutoka Kanada, mashindano hayo hufanyika wakati wa sikukuu ya Bulabo, mwezi wa sita. Na nyimbo zenyewe za kazi zimeandikwa: Frank Gunderson, msomi wa Marekani, alizikusanya kwa mamia na kuzitoa katika kitabu mwaka 2010. Mjomba hajawahi kukiona kitabu hicho, lakini nyimbo anazo.

Nilimfuata na simu. Alipiga mbele ya nyumba yake karibu nusu saa, na vijana wawili wa jirani wakaja na majembe bila kuitwa. Nilifurahi kwa kuwa nilipata pia miguu yao na pumzi zao. Nilirudi Bariadi nikakata: pigo la katikati ya ngozi, pigo la ukingoni, fimbo kwenye mti wa ngoma. Nikaziweka kwenye mashimo 16, nikasikiliza mpangilio wake na kuuiga kadiri nilivyoweza, chini nikaweka gunia langu la pamba. Nilifanya kazi ile wiki mbili. Niliona nimefanya jambo kubwa, nimemwingiza Mjomba kwenye kompyuta.

Nilimpelekea na hedifoni. Alizivaa, akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akazivua akaziweka juu ya goti.

"Mpwa wangu, huyu anayepiga ni nani?"

"Ni wewe, Mjomba. Ngoma ni yako, niliirekodi siku ile."

Akatikisa kichwa. "Ngoma ni yangu. Mpigaji si mimi. Huyu hajalima."

Nikamwomba anieleze. Hakueleza kwa maneno. Alisimama, akachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akalipandisha, akaanza kuigiza ngoma kwa mdomo. Jembe likiwa juu, mdomo ulinyamaza. Jembe likigusa ardhi, pigo likatoka, lakini si kwenye kugusa hasa. Lilitoka nukta moja baadaye, pale mkono unapoanza kulivuta jembe pamoja na udongo. "Likiwa juu, ngoma inalisubiri," alisema. "Likishuka, ngoma inalipokea. Sasa huyu wako hasubiri mtu. Anapita tu. Watu wangeacha majembe saa tatu asubuhi."

Usiku ule nilifungua rekodi yake ya awali, ile ndefu, na badala ya kuisikiliza niliipima. Audacity inakuonyesha muda mpaka milisekunde. Nikachukua daftari, nikachora safu, nikaandika kila pigo limeangukia wapi, kama ninavyoandika kilo. Pigo lile la kupokea jembe lilikuwa linachelewa karibu kila mara, milisekunde 30, wakati mwingine 40, kutoka pale ambapo shimo la kompyuta lingelitaka liwe. Pigo linalofuata liliwahi kidogo, kama linalipa deni. Na ngoma nzima ilianza na mapigo 98 kwa dakika, ikashuka mpaka 94 vijana walipochoka, ikapanda tena pale mmoja alipoanza kuimba. Milisekunde 40 ni muda ambao mtu hawezi hata kuutaja. Lakini Mjomba aliusikia haupo, kwa hedifoni za bei ya chini, mara ya kwanza tu.

Mimi ndiye niliyeufuta. Na programu ilinisaidia kuufuta, kwa sababu ina kazi ya kuvuta kila pigo likae katikati ya shimo lake. Kazi hiyo ina asili yake. Mmarekani Roger Linn ndiye aliyeiweka kwenye mashine za ngoma, kwanza kwenye LM-1 ya mwaka 1980, mashine ya kwanza kuuzwa ikiwa na sauti zilizorekodiwa kutoka ngoma za kweli. Kwenye mashine aliyoibuni baadaye kwa ajili ya Akai, MPC60 ya mwaka 1988, jambo hilo liliitwa kusahihisha wakati. Neno hilo, kusahihisha, linanigusa kila nikilifikiria. Ili usahihishe lazima kwanza uamue kwamba kilichopo ni kosa. Linn mwenyewe alijua kuna zaidi ya mstari ulionyooka, kwa hiyo aliongeza pia kitufe cha kuchelewesha kila shimo la pili ili biti iyumbe kidogo, na vijana wa hip hop wakakijengea muziki mzima. Lakini kitufe kile kinachelewesha kwa kipimo kilekile kila mara. Jembe halishuki kwa kipimo kilekile kila mara. Ardhi yenye mawe si sawa na ardhi laini.

Nilitafuta kama kuna mtu wa upande huu wa dunia aliyewahi kuhangaika na jambo kama hili, na nikakutana na habari ambayo tangu siku hiyo naisimulia kwa kila anayenisikiliza. Mwaka 1944, Cairo, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio mashine iliyorekodi sauti kwenye waya. Akaenda nayo kwenye sherehe ya zaar ya wanawake, ile ambayo watu wa pwani yetu wangeifananisha na ngoma ya kupunga pepo. Akarudi na sauti zao, akazipitisha kwenye chumba cha mwangwi, akazirekodi upya, akazibadilisha mpaka zikawa kitu kipya. Mfaransa Pierre Schaeffer, anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa muziki wa namna hiyo, alitoa kazi zake Paris mwaka 1948, miaka minne baadaye. Na El-Dabh siku hizo hakuwa mwanamuziki wa kazi. Alikuwa anasomea kilimo. Mtu wa kilimo, na mashine ya kuazima, na ngoma ya wanawake wa kwao.

Karibu na kwetu zaidi, ipo singeli. Wapo wazee hapa Bariadi wanaosema singeli ni kelele, na mimi siwaungi mkono hata kidogo. Singeli ilitoka mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ikarithi mchiriku, muziki wa vinanda vidogo vya Casio na ngoma uliokesha kwenye sherehe za mitaani. Vijana walichukua kompyuta za kawaida na programu za madijei, wakavirudia vipande vidogo vya muziki na kuvikimbiza mpaka mapigo 200, hata 300 kwa dakika. Kwa mapigo 300, kila pigo lina milisekunde 200 tu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya prodyuza Sisso wa Dar, na mwaka 2019 ikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Wazungu wakacheza. Ninachokipenda kwenye singeli ni kwamba wale vijana hawakuomba ruhusa kwa kipimo cha mtu. Kama Mjomba anasubiri jembe, wao hawasubiri chochote, na hilo pia ni ukweli wa mahali walipo. Anayepanda daladala Manzese asubuhi ataelewa.

Hapa kanda ya ziwa studio ni nyingi, Bariadi, Maswa, Shinyanga, Kahama, na nyimbo za Kisukuma za akina Bhudagala na Gude Gude ziko kwenye kila mnada na kila bodaboda. Nazipenda, na waimbaji wetu wana maneno mazito. Masikitiko yangu ni kwamba chini ya sauti nzuri vile mara nyingi inakaa ngoma ya mashine iliyokuja na programu, imenyooshwa kama rula, wakati umbali wa nusu saa kwa bodaboda kuna mzee mwenye ngoma yake ukutani. Ninajua sababu. Mteja ana saa mbili za studio na fedha yake imehesabiwa, huwezi kumwambia asubiri upime milisekunde. Ndiyo maana nafikiri kazi hii inatufaa zaidi sisi tusiolipwa. Sisi muda wetu hauuzwi, tunaweza kuupoteza wote kwenye pigo moja.

Basi nilifanya kinyume cha nilivyofanya kwanza. Nilizima ule usahihishaji. Nikaiweka rekodi ya Mjomba nzima, bila kuikata, kwenye mstari wa juu, ikawa ndiyo mizani. Kisha kila sauti ya kompyuta nikaisogeza kwa mkono imfuate yeye: gunia likaenda pale pigo lake lilipo, likichelewa naye, likiwahi naye. Mapigo 98 yalipokuwa 94, kila kitu kikashuka pamoja. Besi niliitengeneza kwenye sinthesaiza ya ndani ya programu. Unaanza na wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, lenye ukali mwingi, halafu unalichuja mpaka ubaki na uzito tu. Niliiweka kwenye mitikisiko 55 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti ya chini kiasi hicho, kwa hiyo nilikuwa naikagua kwenye redio ya mama. Wimbo wa dakika mbili na sekunde arobaini ulinichukua miezi miwili. Hapo mvua zilikuwa zimeanza na usiku mwingi nilisikiliza mabati kuliko muziki.

Nilimpelekea Mjomba mwezi wa pili. Alizivaa hedifoni akiwa amekaa kwenye kigoda, na nilimtazama miguu, si uso. Kisigino cha kulia kilianza kugonga chini kabla ya nusu dakika. Wimbo ulipokwisha akaonyesha kwa mkono nirudie. Nikarudia. Akazivua.

"Na mwenzangu umemwacha wapi?"

Sikuelewa. Akaniambia kwamba siku zote za kulima walikuwa wawili, yeye na wa ngoma ndogo, na kwamba yale mapengo ninayoyasikia katikati ya mapigo yake si kimya. Pale ndipo mwenzake alipokuwa anajibu. Alikuwa akiyaacha wazi kwa miaka arobaini kwa mazoea, hata akipiga peke yake. "Hapo naongea na mtu," alisema, "na wewe umeweka gunia."

Yule mwenzake yuko hai. Alihamia Meatu kwa mwanawe, na ngoma ndogo alikwenda nayo. Tumempigia simu. Jumamosi ijayo tunakwenda, mimi na Mjomba, kabla msimu haujafunguliwa na mimi sijarudi kwenye mizani. Simu nimeisafisha, ina nafasi ya gigabaiti 6, na nimeazima ya dada yangu ili kila ngoma iwe na ya kwake. Jana Mjomba alinipigia kuuliza kama kuna haja ya kubeba jembe. Nimemwambia alibebe.